Siku Kumi za Kumsubiri Tunu

Ulimwona. Usiniambie hukumwona, maana nilikuwa nimesimama nyuma yako kwenye foleni.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, dirisha la mauzo la kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Mkwaya. Binti aliyekuhudumia aliliweka dumu lako chini ya bomba, akakutazama usoni, halafu macho yakabaki palepale na mwenyewe akawa hayumo. Kope zilimcheza harakaharaka. Kisha midomo ikatabasamu, ikasema, "Samahani kwa kukusubirisha, mzazi wangu. Karibu tena." Sauti tamu kama ya redio. Nawe ulijua. Niliona ulivyogeuza uso ukaanza kusoma tangazo la mbegu ukutani, wewe ambaye hujawahi kushika jembe. Ukabeba dumu lako ukaenda zako.

Yule ni mwanangu, anaitwa Tunu. Ana miaka ishirini na mitatu, na kwa makadirio yangu ameishi kumi na moja tu.

Mimi ni Siwatu binti Munaa. Darasani niliishia la saba. Mengine nimejisomea kwenye makaratasi ambayo wenye elimu waliyatupa zahanati ilipofungwa. Nilichosoma nimekishika. Nilichoona pia nimekishika, na mji huu haupendi mtu wa namna hiyo.

*

Tunu alipokuwa na miaka sita nilimchapa mwaka mzima kwa ajili ya neno moja.

Unajua kwetu mtoto wa kike akiitwa anaitika "Abee." Asiyeitika ana kiburi, na kiburi cha mtoto ni aibu ya mama. Sasa mimi namwita Tunu yuko hatua nne kutoka nilipo, anachambua alizeti kwenye ungo. "Tunu!" Kimya. "Tunu!" Ananitazama, macho yananipita kama mimi ni dirisha. Mara ya tatu anashtuka: "Nini?"

Nini! Kwa mama yake mzazi! Nikachukua mwiko.

Siku nyingine nilimchapa mara tano. Majirani walinisifu, wakasema Mama Tunu halei ujeuri. Mtoto naye akaapa kimoyomoyo. Akaliacha kabisa lile neno. Nikimwita, akiwa na bahati ya kunisikia, anakunja uso, ananitazama mkononi kama nimeshika mwiko, na kunijibu kwa makusudi: "Nini?" Ukaidi ule ndio uliokuwa mali yake pekee.

Nikampeleka zahanati. Tabibu wetu wakati ule alikuwa Yusto, mrefu kama mlingoti, koti lina doa la wino mfukoni, mtani wangu wa siku nyingi.

"Mama Tunu, mgonjwa anaumwa nini?"

"Kiburi."

"Kiburi hakina sindano, mama. Kingekuwa nayo ningeanza na wewe."

Akakunja karatasi akatengeneza feni, akaipigilia kwa pini kwenye kijiti, akampa Tunu. "Puliza izunguke, bibi yangu. Usiache mpaka nikwambie." Tunu akapuliza. Dakika ya kwanza alikuwa anacheka. Dakika ya pili midomo ikamkauka. Ya tatu haijafika, feni ikasimama. Mtoto kakodoa, kope zinacheza. Yusto akamwita taratibu. Akapiga makofi karibu na sikio lake. Akahesabu kwa sauti, moja mpaka tisa, na ilipofika tisa Tunu akaendelea kupuliza kama vile hakuna mtu aliyemwita.

"Umekiona kiburi chako?" Yusto akaniuliza, na safari hii hakuwa anatania. "Hiki ni kifafa."

"Kifafa? Hajaanguka hata siku moja!"

"Si kila kifafa kinaangusha. Hiki kinamwondoa, sekunde nane, tisa, halafu kinamrudisha. Kwa siku yaweza kuwa mara mia."

"Mara mia," nikasema. "Na mimi nimem..."

"Mkono wako upumzike, mama. Ndiyo dawa ya kwanza."

Akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Katikati ya ubongo kuna kituo ambacho kila kinachoonwa na kusikiwa hupitia. Seli za pale zina vilango vidogo vya kupitishia kalsiamu, na kwa kawaida kila kilango hufunguka kwa wakati wake. Kwa watoto kama Tunu hufunguka vyote kwa pamoja, na ubongo mzima unaanza kupiga mapigo matatu kwa sekunde, kama wanawake watatu wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja. Kinu kikishapamba moto, hakuna anayesikia mlango ukibishwa.

"Na dawa?"

"Ipo. Inaishika michi. Inaitwa ethosuksimaidi, jina refu kuliko mgonjwa." Akaweka mezani chupa ya sharubati nyekundu yenye harufu ya pipi. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni, awe ameshakula, la sivyo tumbo litamsumbua. Anaweza kupata kwikwi, asikutishe nazo. Lakini siku akianguka kweli, mlete siku hiyohiyo, maana cha kuanguka kina dawa nyingine."

Wiki ya pili mtoto alirudi. Alimaliza sentensi. Aliniuliza kwa nini mbuzi wana ndevu na wanawake hawana. Alimsimulia baba yake ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu, na baba yake akaisikiliza yote. Na nilipomwita alinijibu "Nini?" bila kukawia, nami nikauweka mwiko kwenye ugali ambako ndiko kwake.

Miaka mitatu na nusu. Hiyo ndiyo niliyopewa.

*

Mwaka wa ukame wa pili zahanati ikafungwa, mahali pa tabibu likawekwa dirisha la mashine linaloongea. Yusto akastaafishwa, akarudi kwao, na huko hakuishi sana. Ndipo Itika ikaja.

Wewe unayo, au mwanao anayo, kwa hiyo unaijua: kidude mfano wa kifungo cha shati, kinabandikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kinamsoma mtu miezi miwili, kinajifunza sauti yake, mzaha wake, mkono wake unavyoshika kikombe. Mtu akitoka, chenyewe kinaingia. Mdomo unaendelea kuongea, mikono inaendelea na kazi. Mwenyewe akirudi anakuta chai imeshamiminwa.

Mwalimu Ntandu, aliyekuwa wakala wa Itika, alituita wazazi kwenye ukumbi wa shule.

"Mama Tunu, bado unamnywesha mtoto ile sharubati?"

"Namnywesha. Inamfaa."

"Dawa ya kizee, imepita miaka mia, inamtia mtoto kwikwi darasani! Wenzake wanamcheka. Na wilaya haitaileta tena. Itika unabandika mara moja, umemaliza."

"Inamponya?"

"Inamjibia," akasema Mwalimu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Alitusomea na Kanuni: jibu la Itika ni jibu la mwenye Itika, mbele ya mwalimu, mwajiri na baraza. Mimi, msomi wa kujisomea, niliisikia sentensi ile na sikuitafuna. Nikaweka dole gumba. Tunu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika pindo la kanga yangu. Sikumuuliza.

Siku Itika ilipoanza kazi, tukiwa njiani kutoka sokoni, nilimwita. "Tunu!"

"Abee, mama."

Nililia kwa furaha. Mungu anisamehe, nililia kwa furaha.

*

Sharubati ilikuwa inashika michi. Itika haishiki kitu. Inaisikia michi ikianza kutwanga, na hiyo ndiyo hodi yake. Kinu kikaachwa kitwange kinavyotaka. Sekunde tisa zikawa ishirini, ikawa dakika, ikawa asubuhi nzima. Nani angejua? Mgonjwa anaongea, anacheka panapochekesha, anafaulu mtihani. Na Itika, iliyotakiwa kujifunza kwa Tunu, kadiri alivyopungua ikabaki kujifunza kwa Itika yenyewe.

Mimi nilijua kwa sababu moja tu. Mwanangu alishaapa. Kila "Abee" niliyoisikia nyumbani kwangu kwa miaka kumi na mitatu haikutoka kwake.

Jaribu kuishi hivyo. Unapakua chakula, mtu anasema asante mama, chakula kitamu. Unaumwa mgongo, mtu anakukanda kwa adabu. Unasimulia jambo lako la moyoni na mtu anaitikia mahali panapostahili, na ukinyamaza naye ananyamaza, na nyumba inakuwa tupu kuliko ingekuwa tupu kweli. Baba yake alipofariki, miaka sita iliyopita, Tunu aliwapokea waombolezaji, akagawa kahawa, akatia udongo kaburini. Hakudondosha chozi. Mji mzima ukasema ni jasiri. Mimi nilikaa eda na mgeni.

Mwaka huu wifi yangu Mwamvua alikuja kusuka ukili barazani kwangu, akamsikia Tunu akiitika.

"Wifi, wewe una bahati jamani. Wangu nikimwita ananiambia, 'Mama na wewe bwana, mara moja tu haitoshi?' Wako abee kama asali."

"Tubadilishane."

"Nani achukue jeuri lile?"

"Mimi. Nipe leo."

Akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Wifi, unazeeka vibaya. Kabandikwe na wewe kifungo, kikusaidie kuongea na watu."

*

Ng'ambo ya mpaka kuna kiwanda kimoja bado kinaitengeneza ile sharubati, kwa watu waliokataa vifungo. Akina mama wanaosafiri na malori waliniletea chupa nne, zimefichwa kwenye gunia la mashudu.

Sikummiminia hapohapo. Kanuni inasema kumpa mtu mzima dawa bila ridhaa yake ni kumtilia sumu, lakini Kanuni haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilishaamua juu ya kichwa chake mara moja, na ona. Safari hii nilitaka aulizwe. Sasa utamuuliza vipi mtu ambaye ukimuuliza anajibu mwingine?

Jumapili hana kazi. Nilimweka mkekani, nikakaa mbele yake na chupa mapajani tangu asubuhi.

"Tunu!"

"Abee, mama."

"Tunu!"

"Abee, mama. Unahitaji kitu?"

Niliita mara mia moja na kumi na nne. Mtoto wa kuzaa angeshaniuliza kama nimerukwa na akili. Ile haikuchoka, haikukereka, haikuniuliza. Kila mara abee, kwa utamu uleule, kama bomba. Sauti yangu ikakwama, nikawa naita kwa kunong'ona.

Saa tisa alasiri. "Tunu."

"Nini?"

Nikainua chupa. "Tunu, mwanangu, hii ni dawa ile ya Yusto. Nikupe?"

Hakuitazama chupa. Alinitazama mikono. "Mikono yako imekuwaje?"

"Nimezeeka. Nijibu haraka, nakuomba. Nikupe?"

Akakunja uso, uso uleule wa miaka sita. "Mara ya kwanza uliniuliza?"

Nikafungua mdomo. Kope zikaanza kucheza.

"Samahani, mama," sauti tamu ikasema. "Ulikuwa unasema?"

"Nakuuliza kama utakunywa dawa."

"Hapana, mama, asante. Mimi siumwi."

Basi nikawa na hapana iliyonyooka kutoka kwa asiyekuwepo, na kutoka kwa aliyekuwepo nikawa na swali. Nililala nalo siku mbili. Sikulitendea haki hata moja kati ya hayo majibu, nalisema mwenyewe ili asije mtu akanisemea: siku ya tatu niliitia dawa kwenye uji wa ulezi, nikakoroga, nikampelekea. Nilimfanyia tena bila ruhusa yake. Kama ilikuwa mlango au wizi, sijui mpaka leo.

*

Siku ya nne ya dawa zikaja kwikwi. Itika haijui kwikwi. "Abee, ma... hik! Samahani, ma... hik!" Nilicheka peke yangu jikoni, mkono mdomoni.

Siku ya tano nilipata "Nini?" mbili kabla ya adhuhuri.

Siku ya sita alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikatua ubaoni. Akageuka, akaangalia ukuta, mlango, kiti cha kamba kilichokuwa cha baba yake, ambacho sasa naanikia nguo.

"Mama, baba yuko wapi?"

Nimejisomea mambo mengi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Baba alifariki, mwanangu."

"Lini?"

"Huu mwaka wa sita."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulitia udongo."

"Sikuwepo!" Akalia. Akalia kilio cha siku ya kwanza, cha kukaa chini, cha mikono kichwani, na nilipomshika alinisukuma, kisha akanivuta, kisha akanisukuma tena. "Nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Hujui. Bado sijaanza."

Kilio kama kile kwetu ni mwito. Majirani walikuja mbio, kanga viunoni, Mwamvua mbele.

"Nani kafa?"

"Baba yake," nikasema.

"Kaka yangu? Si tulimzika!"

"Mwanawe ndiyo kwanza anamzika leo. Kaeni naye."

Hakukaa mtu. Walisimama mlangoni wakitazamana, wanawake watu wazima ambao hawajawahi kushindwa na msiba. Tunu aliwatazama mmoja mmoja akiwatafuta kwenye sura zao za zamani. "Shangazi," akamwambia Mwamvua, "umenenepa." Mwamvua akarudi nyuma kama kaona jini.

Dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani. Halafu kope. Machozi yakiwa bado mabichi mashavuni, midomo ikatabasamu. "Karibuni, jamani, mbona mmesimama? Kuna chai."

Na wao, nisikilize vizuri, walishusha pumzi. Waliingia, wakakaa, wakanywa chai. Mwamvua akaikuta chupa nyuma ya mtungi alipokuwa anatafuta sukari.

*

Kesho yake watu wa baraza walizichukua chupa zote. Nimeshtakiwa kumtilia sumu mtu mzima.

Shauri linasikilizwa Ijumaa saa tatu asubuhi, ukumbi wa baraza la mji. Shahidi ni mmoja. Watamuuliza, "Tunu, uliridhia?" na Itika itajibu kabla swali halijakamilika, kwa adabu, kwa sentensi iliyonyooka, nao wataandika kwamba Tunu amesema. Kisha wataifuta ethosuksimaidi kwenye orodha ya dawa halali, waisake hata ile ya magendo, na watoto wote wanaokodoa macho katika mji huu watabandikwa vifungo.

Nimemwomba mwenyekiti jambo moja. Kifungo kitolewe. Chupa zirudishwe, hata wakitaka zishikwe na karani wao. Tunu anywe baada ya kula, asubuhi na jioni, siku kumi, damu yake iizoee. Halafu aulizwe mbele ya watu wote. Akisema mama yake alimkosea mara mbili, nifungeni, sitakata rufaa, nitakwenda nikijua kwamba aliyenihukumu ni yeye. Mwenyekiti akanijibu kwamba hakuna haja ya kusubiri, shahidi anaongea vizuri.

Lakini kuna kifungu cha kumi na saba cha kanuni za baraza, walikisahau kwenye makaratasi waliyoyatupa: wakazi arobaini wakiandika majina kutaka ushahidi uahirishwe, baraza halina hiari, litaahirisha. Daftari liko kwa karani, mlango wa kijani nyuma ya ukumbi. Nimetoka huko sasa hivi. Lina jina moja, langu.

Linafungwa leo saa tisa na nusu. Huhitaji kunipenda. Huhitaji kuamini kwamba nilifanya vema. Andika jina lako, andika siku kumi, weka dole. Ukiwa na kifungo nyuma ya sikio, kivue kwanza, uende mwenyewe.

Weka karatasi hii chini. Simama. Nenda.